MWACHENI MAMA WA MBAAZI

Mhariri amenigawia kurasa chache za jarida letu mwaka huu, nami nimeona si vyema nizijaze mashairi ya mapenzi kama wengine (wanajijua). Nataka kujibu hoja iliyopitishwa katika mdahalo wetu wa muhula wa pili. Mtaikumbuka: "Vyakula vya barabarani vipigwe marufuku mjini Mombasa." Upande wa mapendekezo ulishinda kwa kura nyingi. Walipiga meza, wakatokwa na jasho, wakakitaja kipindupindu mara tisa, na msemaji wao wa mwisho akamalizia kwa kusema kwamba mji wa kitalii hauwezi kuendeshwa kwa masufuria ya kando ya mtaro. Makofi yakarindima. Mimi mkono wangu ulikuwa juu tangu mwanzo, lakini kengele ya chakula cha mchana ilipolia, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni.

Haya basi, niyaseme leo. Nayasema kwa sababu siku chache baada ya mdahalo ule lilibandikwa tangazo ubaoni kwamba mwanafunzi yeyote atakayeonekana akinunua chakula langoni ataadhibiwa. Sisemi kwamba mdahalo ndio uliolizaa tangazo. Nasema tu kwamba maneno hutembea, na yakishatoka ukumbini si rahisi kuyarudisha.

Kwanza tukumbushane ni nini hasa tulichokipigia kura ya kukifukuza, maana nilipomsikiliza msemaji wa kwanza nilidhani anazungumzia mji mwingine kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, papa hapa kisiwani. Kwetu, ukiamka kabla ya adhana ya alfajiri utasikia jogoo wa jirani, kisha utasikia mafuta yakilia kwenye karai. Mama wa mahamri ameamka kitambo. Unga aliukanda jana usiku, akautia hamira, sukari, iliki na tui la nazi, akaufunika kwa kitambaa, ukalala pamoja na watoto chumba kimoja. Sasa anausukuma, anakata pembe nne au tatu, anatia kwenye mafuta. Hamri lililokandwa vizuri hututumka lenyewe kama limekasirishwa. Lisipotututumka, mama huyo haliuzi kwa mgeni, huliweka kando wale watoto wake. Pembeni kuna sufuria ya mbaazi. Hizo nazo zililowekwa tangu jana mchana, zikachemshwa mpaka zikalainika, zikatiwa tui jepesi, na mwisho kabisa tui zito, lile la kwanza kukamuliwa. Anayetia tui zito mapema anaharibu, hukatika. Jambo hilo hakufundishwa shuleni, naye anaweza kutufundisha sote, wakiwemo wanaochukua somo la Sayansi ya Kimu.

Saa kumi na mbili mlango wake una foleni. Kuna kuli anayekwenda bandarini, kuna makanga ambaye matatu yake inanguruma barabarani, kuna watoto wa shule ya msingi waliotumwa na bakuli, na kuna sisi.

"Shikamoo mama. Nipatie mahamri matatu na mbaazi za ishirini."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mamako homa imempoa? Ngoja nikuongeze mchuzi."

Kwa shilingi hamsini nimekula, nimeshiba, na nimeulizwa habari za mamangu. Nitajieni mkahawa wenye feni na menyu ya plastiki unaouliza habari za mama yako.

Mchana zamu hubadilika. Pale Marikiti na njia zote zinazotokea hapo, utakutana na mzee wa madafu akiwa na panga lake, na vijana wa maembe mabichi yaliyopakwa pilipili na chumvi. Alasiri ni wakati wa viazi karai, na hapa naomba radhi kwa wale wenye njaa wanaposoma. Viazi huchemshwa, hutumbukizwa katika uji mzito wa unga uliotiwa chumvi, pilipili na rangi ya manjano, kisha hukaangwa. Huliwa na chatini ya ukwaju. Kando yake utapata bhajia, na kachri zenye achari ya embe. Magharibi huja na moshi wa mishkaki, na mkate wa mofa ukitoka tanuri. Halafu mji ukishatulia, wauza kahawa hupita na madele yao yenye makaa chini, wakigonganisha vikombe. Ule mlio wa vikombe ndio tangazo lao, hawahitaji kipaza sauti.

Hicho ndicho tulichokiita uchafu.

Msemaji mmoja, rafiki yangu mkubwa kwa hiyo simtaji, alidai kwamba kula barabarani ni tabia ngeni iliyoletwa na ukosefu wa kazi. Nilitamani mwalimu wetu wa Historia angekuwepo. Ni kweli kwamba vingi tunavyokula vilitoka nje, lakini vilitoka nje zamani sana na vikawa wenyeji kuliko baadhi yetu. Mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Muhogo, mahindi, viazi na pilipili vyote ni vya Marekani ya kale. Muhogo na mahindi vililetwa Afrika na Wareno, hao hao waliofika Mombasa mwaka 1498 na ambao baadaye, mwaka 1593, walianza kujenga Ngome ya Yesu. Kahawa ni ya Uhabeshi, na Waarabu wa Yemeni ndio walioifanya biashara. Bhajia na chapati tumezipokea kwa Wahindi, ambao wengine walikuwa wafanyabiashara hapa tangu kale, na wengine, zaidi ya 30,000, walikuja kujenga reli iliyoanzia hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wazee wetu walivichukua vyote hivyo wakavitia nazi. Basi kiazi karai kimoja, ukikitazama vizuri, kina kiazi cha Marekani, unga wa ngano, manjano ya Kihindi na ukwaju ambao asili yake ni humu humu barani Afrika. Ukikila umekula historia ya bahari nzima kwa shilingi kumi.

Tena hao wapitaji wa kale, mabaharia wa majahazi, wachukuzi na wasafiri, walikula wapi? Mji wa bandari daima una watu wasio na jiko mjini. Jiko lao ni barabara. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo, isipokuwa leo baharia amekuwa kibarua wa Likoni anayevuka feri alfajiri na kurudi usiku. Yeye akitoka nyumbani saa kumi na moja, nani wa kumpikia? Akinunua yai la kuchemsha na kachumbari pale ng'ambo, je, anafanya anasa?

Hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo.

Watu wengi waliopiga kura siku ile wanadhani chakula cha barabarani ni cha kujifurahisha, kitu cha ziada baada ya chakula cha nyumbani. Kwa baadhi yetu ni hivyo. Lakini mtaani kwetu ziko nyumba za chumba kimoja ambamo hakuna anayewasha jiko asubuhi. Si kwa uvivu. Piga hesabu mwenyewe: makaa, mafuta, unga, sukari, nazi, maji ya kununua, na saa nzima ya mama ambaye saa kumi na mbili anatakiwa awe amefika kwenye kazi ya watu. Kuwasha jiko kwa ajili ya vikombe vitatu vya chai ni ghali kuliko kununua mahamri sita kwa jirani, kwa kuwa jirani amewasha jiko moja kwa ajili ya nyumba arobaini. Bei ya unga na mafuta ikipanda, hamri halipandi bei mara moja. Hukonda. Twaliona likikonda mwezi hata mwezi, twanyamaza, kwa sababu twajua mama wa watu naye anajitahidi. Kisha siku moja tunaona limenenepa tena na hakuna anayesema kitu, ila mtaa mzima unatabasamu.

Na yeye muuzaji? Fedha zile ndizo kodi ya chumba na ndizo karo. Naweza kuwahesabu wanafunzi wa shule hii ambao karo yao ilikaangwa. Sitawataja, ila wao wanajijua, na siku ya kura niliwaona wakitazama chini. Mmoja aliinua mkono pamoja na upande wa marufuku kwa sababu jirani yake alikuwa anamtazama. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga, nasi tulikaa ukumbini tukiwatukana wakunga, na wajawazito walikuwa miongoni mwetu!

Sasa niingie kwenye kipindupindu, maana najua mnanisubiri hapo.

Sikatai. Kipindupindu kipo, kimepata kuua watu katika mji huu na katika kaunti nyingine, na mtu anayekifanyia mzaha hajamwona mgonjwa wake. Vilevile sikatai kwamba wako wauzaji ambao mimi mwenyewe sinunui kwao hata kwa bunduki. Yuko mmoja ambaye mafuta yake ni meusi kama lami, nadhani anawarithisha wanawe. Yuko mwingine anayeosha sahani hamsini kwa ndoo moja, na ile ya hamsini inatoka ikiwa chafu kuliko ilivyoingia. Hao nao tuwatetee? La hasha.

Lakini wenzangu wa upande wa mapendekezo hawakujiuliza ugonjwa wenyewe unaingilia wapi. Tumefundishwa katika Biolojia kwamba viini vya kipindupindu husafiri kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa, na kwamba hufa kwa moto. Maji yakichemka, vimekwisha. Mafuta ya kukaangia ni moto kuliko maji yanayochemka, hupita nyuzi 170. Kwa hiyo hamri linalotoka karaini sasa hivi, na mbaazi zinazotokota mbele yako, ni katika vyakula salama unavyoweza kula popote, hata hotelini. Hatari iko kwingine. Iko kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima. Iko kwenye chatini iliyozimuliwa kwa maji yasiyochemshwa, kwenye embe lililokatwa likakaa juani na nzi, kwenye ile ndoo ya sahani niliyoitaja, na kwenye mikono yetu sisi wanunuzi, tunaotoka chooni tukachukua hamri bila kunawa kisha tukamlaumu mpishi.

Vyote nilivyovitaja vina jina moja, nalo ni maji. Hatari haiko kwenye barabara, haiko kwenye umaskini, wala haiko kwa mwanamke aliyejifunga leso mbili. Na maji ya Mombasa yanatoka wapi? Kisiwa hiki hakina mto. Maji ya mfereji yanasafiri kutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambako bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, kutoka Marere katika milima ya Shimba, na kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Yanapofika, kama yamefika, mji umekwisha kuwa mkubwa kuliko bomba. Mitaa mingi hukaa siku nyingi mfereji ukikoroma hewa tupu. Hapo mama wa mbaazi hununua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na anayenunua maji kwa mtungi atayagawa kwa kijiko. Mtu huyu mnamwambia aoshe sahani kwa maji yanayotiririka. Yatiririke kutoka wapi?

Wale wanaosoma vitabu vya maktaba yetu watakuwa wamekutana na habari za daktari John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kilipokuwa kinateketeza watu katika mtaa mmoja wa London, wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Snow alifuatilia nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi walikuwa wanateka maji kwenye pampu moja ya Broad Street. Akawaomba wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ile. Hakuwafukuza wauza mikate wala hakubomoa vibanda. Alitafuta maji yalipoharibikia akapaziba. Miaka zaidi ya 170 imepita, nasi katika ukumbi wetu bado tunawaza kwa pua.

Hapo nimwulize mwenzangu aliyesema tuwaondoe wote mara moja: wakishaondoka, watu watakula nini, na wapi? Maana njaa haiondolewi kwa tangazo. Ukimfukuza mpishi wa kando ya barabara, hafungui mkahawa. Huenda uchochoroni, mahali ambapo hakuna mwanga, hakuna afisa wa afya anayepita, na hakuna jirani anayemwona akitumia mafuta meusi. Aliyekuwa barabarani alikuwa anapikia machoni pa watu. Tulikuwa tunamwona akiosha na asipoosha. Jiko la hoteli kubwa liko nyuma ya mlango ulioandikwa "Wafanyakazi Tu." Mimi nisilolijua silisemi, lakini namwamini zaidi yule ninayemwona mikono.

Kuna waliosema sheria ndiyo inayowakataza. Hebu tuisome. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora, na katika Ibara hiyo hiyo kuna haki ya maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula na kuwasimamia, na pia kazi ya masoko, na ya maji na usafi. Someni vizuri: mikono iliyopewa leseni ndiyo iliyopewa na bomba. Mpishi naye ana wajibu wake. Anayeuza chakula anatakiwa apimwe afya na kupata cheti kipya kila miezi sita. Hilo nakubaliana nalo kwa moyo wote, na kama mama wa mtaani kwetu hana cheti, aende akapimwe. Ila aambiwe aende, aonyeshwe pa kwenda, asiamshwe na lori.

Suala la njia nalo lina haki yake. Mwenzetu anayetembelea kiti cha magurudumu aliuliza mdahaloni swali ambalo hakuna aliyelijibu: je, mimi nipite wapi? Ni swali la kweli. Njia ya waenda kwa miguu ikijaa meza, wazee, wajawazito na wenye ulemavu ndio wanaosukumwa barabarani kwenye tuktuk na bodaboda. Kwa hiyo meza zirudi nyuma, zipangwe upande mmoja, na ziwe na saa zake. Wauza mishkaki wanajua kupanga saa kuliko sisi. Hutoka jua likitua maduka yakifungwa, wakatumia barabara ile ile ambayo mchana ilikuwa ya wengine. Pale Mama Ngina, sehemu ambayo wengi twaiita Lighthouse, kwa miaka mingi familia zilikuwa zikienda jioni kupunga upepo wa bahari na kutafuna muhogo wa kuchoma na krispi za muhogo zenye pilipili na ndimu. Mahali hapo palijengwa upya, na Siku ya Mashujaa ya mwaka 2019 ikaadhimishwa pale pale. Nami nauliza: hao watalii tunaowaogopea macho, wakifika Mombasa, hupigwa picha na nini? Hupigwa wakinywa dafu! Picha ya dafu tunaipenda, mwenye dafu hatumpendi. Huo ni unafiki.

Niongeze jambo dogo juu ya vifungio, kwa kuwa lilitajwa mdahaloni kama ushahidi kwamba watu hawa hawabadiliki. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, wauza viazi walikuwa wa mwanzo kurudi kwenye karatasi. Karatasi zenyewe si nzuri sana, wino wa gazeti si kitoweo. Siku moja nilifungiwa bhajia kwa karatasi ya mtihani wa Hisabati wa mtu aliyepata 11 kwa 100, na mafuta yalikuwa yameifanya ile alama nyekundu ing'ae zaidi. Nilimwonea huruma sana. Lakini walibadilika, tena bila semina. Wakipewa karatasi safi za bei nafuu watazitumia.

Nimalize kwa jambo linalotuhusu sisi kama Chama, kisha niende langoni. Kiswahili tunachokishindania hapa vyeti na vikombe hakikuzaliwa kwenye ubao. Neno *dele* nililisikia barazani kabla sijalisoma. *Kifumbu, mbuzi, mwiko, karai, upawa*, na tofauti ya tui la kwanza na la pili, nilijifunza nikiwa nimechuchumaa karibu na moto wa mtu. Tunakariri malumbano ya utani katika Fasihi Simulizi kwa ajili ya mtihani, na kumbe kila jioni wauza kahawa na wateja wao wanayatenda bure kwenye mabenchi, mzee wa Kimvita akimchokoza mgeni wa Lamu, na Mlamu akijibu kwa utulivu mpaka benchi linaangua kicheko. Tukiyafunga mabenchi hayo, basi mwakani tualike mtaalamu aje atuonyeshe slaidi za jinsi watu walivyokuwa wakizungumza.

Sasa langoni. Heshima yangu kwa Mwalimu Mkuu na walimu wote ni ya dhati, na najua tangazo lile liliwekwa kwa kutujali. Hata hivyo, nawaomba waliangalie tena. Wapo wanafunzi kati yetu, wa shule hii ya kutwa, wanaotoka nyumbani bila kutia kitu kinywani. Zamani walikuwa wakifika na kununua mahamri mawili langoni, wanaingia darasani. Sasa wanangoja mapumziko ya saa nne wanunue biskuti na soda kantini, vitu vyenye bei kubwa na tumbo halivitambui. Wengine hawanunui kitu, hawana kiasi hicho. Hawa ndio mnaowaona wakisinzia kipindi cha pili. Tusiseme ni wavivu.

Na ninajua marufuku haijamaliza biashara ile, imeihamisha tu. Wale mama wawili na kijana wa viazi wako nyuma ya ukuta wa uwanja, karibu na mtaro, ambako kwa kweli ni kuchafu, na wanafunzi wananunua kwa kupitisha mikono kwenye tundu. Hapo hakuna anayenawa. Kwa hiyo tangazo la usafi limewaondoa mahali pasafi na kuwapeleka mahali pachafu, na sisi tumekaa darasani tukichora mzunguko wa maisha wa nzi.

Pendekezo langu, ambalo naliomba lijadiliwe na Chama cha Kiswahili pamoja na Chama cha Afya kwenye mkutano wa kwanza wa muhula ujao, ni hili. Wauzaji watatu wanaojulikana warudi langoni, asubuhi kabla ya kengele tu. Waonyeshe vyeti vya afya, na asiye nacho apewe mwezi mmoja akitafute. Wauze vya moto peke yake, yaani mahamri, mbaazi na viazi, na kachumbari ikae nyumbani. Kila mwanafunzi aje na bakuli na kijiko chake. Na kila mtu anawe kabla ya kununua, chini ya usimamizi wa viranja, ambao kwa mara ya kwanza watakuwa wametupatia faida.

Maji ya kunawia yapo. Ndani ya lango, upande wa kushoto, kuna bomba la kumwagilia maua. Nimezihesabu hatua kutoka pale hadi mahali mama wa mbaazi alipokuwa akiweka sufuria yake. Ni hatua kumi na nne, na mpira wa kumwagilia unafika.